Kushona Kilti Nyumbani: Hesabu Kwanza, Sindano Baadaye

Ndugu mnaoanza kazi hii, wengi wenu mnaijia kilti, lile vazi la marinda la wanaume wa Uskoti, kama nilivyoijia mimi, mkiwa mmeshashona sketi nyingi za sare za shule na mkidhani kwamba kilti ni sketi ya marinda yenye kitambaa kizito zaidi. Nilipoanza kushona hapa Glasgow, dhana hiyo ilinigharimu kilti nzima. Nilikuwa nimezidisha kila rinda kwa milimita 2 tu, kosa ambalo kwenye sketi ya mwanafunzi hakuna mzazi angeliona. Lakini kilti ile ilikuwa na marinda 27, na milimita 2 mara 27 ni sentimita 5.4. Mwenye nguo alipoivaa, hata mikanda ilipokazwa hadi tundu la mwisho, ilimteremka, nami nikakaa siku nne nikifumua mishono ya mkono.

Tuanze na kitambaa. Kilti kamili ya mwanamume huhesabiwa kuwa ya yadi 8, yaani zaidi kidogo ya mita 7, lakini kwa kawaida hununuliwa yadi 4 za kitambaa cha sufu chenye upana wa takriban sentimita 140 au 150, kisha hukatwa katikati kwa urefu na vipande viwili huunganishwa kwa mshono unaofichwa ndani ya rinda. Kilti haina upindo chini, kwa kuwa ukingo wa kitambaa kama ulivyotoka kwenye mtambo ndio unaokuwa pindo lake, na kwa hiyo kipande kimoja lazima kigeuzwe ili ukingo wake nao uje chini. Tartani nyingi, yaani vitambaa vya kilti vyenye mistari ya rangi inayokatana, zina mistari inayolingana pande zote, hivyo kugeuza hakuonekani, ila zipo chache zisizolingana, na ukinunua ya namna hiyo kwa upana mkubwa bila kujua, vipande vyako viwili havitapatana kamwe. Msijifunzie kwa shuka la Kimasai, ingawa miraba yake inavutia. Mengi yanayouzwa ni ya akriliki, na pasi yenye moto wa kutosha kuliweka rinda huliharibu.

Vipimo vichukueni wenyewe kwa futi, wala msikubali kutajiwa saizi ya suruali, kwa sababu kiuno cha kilti kiko juu zaidi, karibu na kitovu au juu yake kidogo. Tuseme mteja ana kiuno cha sentimita 86 na nyonga za sentimita 104. Nusu ya mzunguko hufunikwa na aproni, ile sehemu bapa ya mbele yenye tabaka mbili, moja juu ya nyingine, na nusu nyingine ni ya marinda. Sentimita 52 za nyonga zikigawanywa kwa 27, kila rinda litaonekana kwa milimita 19 na ushei; sentimita 43 za kiunoni zikigawanywa vivyo hivyo, zitabaki milimita 16 hivi. Maana yake ni kwamba kila rinda lazima lipungue taratibu kwa milimita 3 na kitu kutoka nyongani hadi kiunoni, na upungufu huo ndio unaoipa kilti umbo la mwili badala ya umbo la pipa.

Kila tartani ina mpango wa mistari unaojirudia, na Waskoti huuita seti. Unaweza kukunja marinda ili nyuma ionekane michoro ileile ya mbele, au ukunje ili mstari mmoja ujirudie katikati ya kila rinda, mtindo unaohusishwa na vikosi vya jeshi vya Uskoti. Mimi humshauri anayeanza achague huu wa pili. Seti ikiwa ya sentimita 15, kila rinda hula sentimita 15 kamili, marinda 27 hula mita 4 na sentimita 5, na mstari ukienda upande hata kwa uzi mmoja jicho hulikamata kosa kabla hujafika mbali.

Cherehani iwekeni pembeni. Marinda hushonwa kwa mkono, upande wa nje, kuanzia nyongani hadi kiunoni, kwa mishono midogo inayojificha kwenye mkunjo. Uzi hubadilishwa kufuata rangi ya mstari. Ndani, kitambaa cha ziada cha juu hupunguzwa ili kiuno kisinenepe, kisha huwekwa kanvasi na mwishowe bitana. Nyuzi za kushikizia marinda kule chini zisitolewe mpaka pasi ya mwisho, nayo ipigwe juu ya kitambaa chenye unyevu, kwa kukandamiza na kuinua bila kuburuta.

Kuhusu mavazi yanayoambatana nayo, msikimbilie koti. Koti la kilti hukatwa fupi ili lisifunike sporani, ule mkoba unaoning'inia mbele, na mabega yake yanataka uzoefu wa ushonaji suti. Anayeanza atafute koti la suti la mtumba alifupishe na kuzungusha ncha za mbele. Mabaki ya tartani yanatosha kutengeneza zile tepe ndogo zinazochungulia chini ya mkunjo wa soksi, na hiyo ni kazi ya jioni moja. Pini ya kilti huchomwa kwenye kona ya chini ya aproni ya juu peke yake, upande wa kulia wa mvaaji. Mwoneshe mteja mwenyewe siku anapochukua nguo yake, kwa kuwa wengi huipitisha kwenye aproni zote mbili wakidhani ni kifungo, na siku wanapokaa kwa haraka kitambaa huchanika.