Jicho limetulia, niache dawa? Maswali yenu ya uvaitisi

Mmeniletea maswali mengi ya uvaitisi, yaani uvimbe wa ndani ya jicho, na zile dawa za kushusha kinga ya mwili zinazoutuliza, kama vidonge vya methotreksati na mikofenolati na sindano ya adalimumabu. Nachukua haya.

Huu ni mwezi wa saba natumia methotreksati, jicho haliumi tena. Naweza kuacha? (Dada, Morogoro)

Hapana. Dada yangu, limetulia kwa sababu unameza dawa. Madaktari wengi wanataka jicho likae kimya kama miaka miwili hivi ndo waanze kupunguza dozi kidogo kidogo, tena huku wanakuangalia. Na kutouma siyo kipimo, uvimbe mdogo unaonekana kwenye mashine ya daktari tu, na maji yanaweza kujaa kwenye retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea picha, bila maumivu yoyote, wewe unaona ukungu tu unadhani miwani imechafuka. Kliniki usikose, na damu pia upimwe, chembe nyeupe, ini na figo, kila baada ya wiki chache mwanzoni halafu kila miezi miwili mitatu.

Mume wangu kaandikiwa vidonge sita vya methotreksati kwa wiki, dukani wakamwambia ameze kimoja kila siku. Ni sawa? (Mama, Tanga)

Siyo sawa hata kidogo, mwambie asimeze kingine, na kama ameshameza siku kadhaa mpeleke hospitali leo hii na paketi yake mkononi, msisubiri vidonda mdomoni wala homa. Methotreksati ya macho ni MARA MOJA KWA WIKI, vyote sita siku hiyo hiyo. Ikimezwa kila siku inazima uboho unaotengeneza damu na watu wamekufa hivyo. Kuna mama mmoja alinionyesha paketi yake, kaandika JUMATATU kwa maka peni nyeusi pande zote mbili, na kalenda ya ukutani kila Jumatatu kaizungushia duara, akishameza anakata mstari. Fanyeni hivyo. Foliki asidi, vitamini ya kupunguza madhara ya methotreksati, mumeo anameza siku nyingine kama alivyoelekezwa. Halafu Septrin, hii naomba mnisikie vizuri maana kila nyumba ina Septrin kwenye kabati: usiichanganye na methotreksati, zikikutana zinashusha damu vibaya sana. Ukienda zahanati kwa kikohozi au UTI anza kwa kusema unatumia methotreksati.

Nikae na matone gani nyumbani jicho likiwa jekundu?

Hili nimelijibu mara ngapi jamani? Hakuna. Matone ya steroidi bila daktari yanapandisha presha ya macho, yanaleta mtoto wa jicho, na kama kumbe ni kidonda cha fangasi au cha virusi kwenye kioo cha jicho umekimwagia mafuta kwenye moto. Jekundu, linauma, mwanga unakukera: nenda kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo.

Kabla ya sindano ya adalimumabu nimepimwa kifua kikuu, homa ya ini, kaswende na HIV. Mimi naumwa macho, si wanatafuta hela tu? (Kaka, Mombasa)

Hapana kaka, shukuru umempata anayejua kazi. TB inaweza kulala mwilini miaka bila dalili, ukishusha kinga inaamka, na homa ya ini B vilevile. Tena TB na kaswende zenyewe zinaleta uvaitisi, sasa ukishusha kinga wakati mdudu yupo ndani ya jicho unalipoteza. Sindano ni kila wiki mbili na inakaa kwenye friji, siyo friza, kwa hiyo kama kwenu umeme unakatika hovyo ulizia kliniki kama wanaweza kukutunzia.

Bia mbili za wikendi?

Acha. Methotreksati na pombe vyote vinalielemea ini.

Tunatafuta mtoto, natumia mikofenolati. (Dada, Dar)

Usishike mimba ukiwa kwenye mikofenolati wala methotreksati, zote zinaharibu mtoto tumboni. Lakini usiache mwenyewe kimya kimya, uvimbe ukirudi kwa nguvu utapoteza macho. Endelea na uzazi wa mpango, mwambie daktari mapema akubadilishie, mara nyingi azathioprini inaruhusiwa, na lipe jicho muda litulie kwenye dawa mpya ndo mwendelee na mipango yenu.