Kwa nini dozi ya mama imetofautiana na ya mwenzake

Dada wa Tukuyu, umeuliza kwa nini mama kapewa dozi ndogo ya ayodini ya mionzi kuliko mwenzake waliyepanda naye basi moja kwenda Dar, ilhali wote tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi. Si upendeleo. Baadhi ya madaktari hupima ukubwa wa tezi na kiasi cha ayodini inachofyonza kwa saa 24, ndipo wanapiga hesabu. Chukua tezi ya gramu 40, kila gramu ipate maikrokyuri 150 (kyuri ni kipimo cha mionzi): jumla 6,000, yaani milikyuri 6. Tezi ikifyonza asilimia 60, mgonjwa anywe milikyuri 10, maana 6 ndiyo itakayobaki kwenye tezi. Ikifyonza 30 tu, 20.

Wengine humpa kila mtu kipimo kimoja, mara nyingi milikyuri 10 hadi 15, na kusema kweli tafiti hazijaonyesha wazi kwamba hesabu inashinda. Mimi bado napenda ipigwe, hasa goita ikishafika ukubwa wa parachichi la Rungwe.

Akirudi, mwili wake bado una mionzi, kwa hiyo asimbebe mjukuu mgongoni mpaka siku alizoandikiwa ziishe. Na vipimo vya damu asiache: tezi ikizimika kabisa, atahitaji vidonge vya homoni kila siku.