Laptopu imevuka mpaka, waranti je? Majibu kwa wasomaji

Mwezi huu barua nyingi zimegusa jambo moja: kompyuta mpakato iliyonunuliwa nchi hii ikaharibikia nchi ile. Tumechagua nne.

SWALI: Nimemaliza masomo Leicester na kurudi Dar es Salaam na laptopu ya HP niliyoinunua dukani kule miezi minne iliyopita. Sasa kioo kimeota mistari ya wima. Duka linasema niirudishe kwao, wakala wa hapa anasema si ya soko letu. Waranti ni ya mwaka mmoja. Nimshike nani? – Msomaji, Kinondoni

JIBU: Pole sana. Unao watu wawili wa kuwashika, kila mmoja kwa ahadi yake, na ahadi hizo hazifanani.

Ya kwanza ni ya duka. Sheria ya Haki za Walaji ya Uingereza ya mwaka 2015 humbana muuzaji, si kiwanda. Ndani ya siku 30 unaweza kurudisha kitu kibovu na kudai pesa yako. Baada ya hapo duka hupewa nafasi ya kutengeneza au kubadilisha, na kwa miezi 6 ya mwanzo hitilafu huhesabiwa kuwa ilikuwepo tangu siku ya kununua, labda muuzaji athibitishe vingine. Haki hiyo bado ni yako, ila inadaiwa kule kule. Kama kuna mtu unayemwamini anayesafiri kabla miezi 6 haijatimia, mpe mashine na risiti.

Ya pili ni ya HP wenyewe, na hiyo ndiyo ya kuihangaikia ukiwa Dar. Wakala hakukatalii kwa roho mbaya. Akibadilisha kioo chini ya waranti, yeye hulipwa na kampuni baada ya kufungua kesi kwenye mfumo kwa siriali namba ya mashine yako. Mfumo ukionyesha kwamba namba hiyo haihudumiwi nchi hii, au kwamba modeli hiyo haikuuzwa hapa, dai lake linagoma na gharama inabaki shingoni mwake. Kwa hiyo kugombana na dada wa mapokezi hakusaidii. Kinachotakiwa kubadilika ni kumbukumbu iliyoko kwenye mfumo, na anayeweza kuibadilisha ni kampuni.

Anza kwa kuigeuza laptopu. Chini pana stika yenye siriali namba, na pia namba ya bidhaa ambayo mara nyingi huishia na alama ya reli na herufi tatu. #ABU ni mashine ya Uingereza, #ABA ya Marekani, #ABD ya Ujerumani, #ABV ya soko la Kiarabu. Piga picha stika nzima. Ingiza siriali kwenye ukurasa wa HP wa kukagua waranti uone tarehe ya mwisho, kisha waandikie wahudumu wao kwa chati ukiambatisha picha hiyo na risiti. Waeleze kwamba umehamia Tanzania na uombe huduma ihamishiwe huku. Wakikubali, dai namba ya kesi kwa maandishi. Ukirudi kwa wakala na namba ya kesi, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

Kabla ya hayo yote, hakikisha ugonjwa ni wa kioo kweli. Unganisha laptopu na televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikiwa safi kwenye televisheni, tatizo ni kioo au waya unaokipelekea picha. Mistari ikionekana na huko, shuku madabodi, yaani bodi kuu ya ndani. Halafu zima mashine, mulika kioo kwa tochi ya simu ukiwa umeiinamisha pembeni, upite taratibu kwenye kona na chini karibu na bawaba. Ukiona kiufa chenye miguu kama ya buibui, kioo kimebanwa au kimegongwa, na hapo waranti ya kawaida imekwisha kazi. Fundi wa wakala atafanya ukaguzi huo huo, kwa hiyo ni afadhali ujue mapema.

Jambo moja zaidi: hamisha mafaili yako, na uandike pembeni ufunguo wenye tarakimu 48 wa BitLocker, yaani kufuli la Windows linalofunga diski. Unaupata kwenye akaunti yako ya Microsoft. Madabodi ikibadilishwa, Windows inaweza kuuomba inapowaka tu, na bila ufunguo huo diski haifunguki, hata kwa fundi.

Kwa wenye chapa nyingine, njia inatofautiana kidogo. Dell wana fomu mtandaoni ya kuhamisha umiliki na nchi; andaa namba ya huduma yenye herufi na tarakimu 7 pamoja na taarifa za mnunuzi wa kwanza kama zilivyo kwenye oda. ThinkPad nyingi za Lenovo hubeba huduma ya kimataifa, lakini mashine za nyumbani kama IdeaPad mara nyingi hufungwa kwenye nchi zilikouzwa. Mac za Apple kwa kawaida huhudumiwa kwa mtoa huduma yeyote aliyeidhinishwa, popote zilikonunuliwa.

SWALI: Asalaam aleikum. Nafanya kazi Muscat na nataka kumnunulia mdogo wangu aliyeko Tanga laptopu ya chuo. Hapa ni nafuu kidogo. Niangalie nini ili waranti imfae? – Dada wa Muscat

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Kabla hujatoa pesa, muulize muuzaji swali moja: waranti ni ya kampuni au ya duka? Maduka mengi ya Ghuba huuza mashine zilizoletwa nje ya njia rasmi na kuzipa waranti yao wenyewe. Hiyo inamfaa anayeweza kurudi kwenye kaunta ile ile, na mdogo wako hawezi.

Usiridhike na jibu la mdomo. Siriali namba imechapwa nje ya boksi. Iingize kwenye tovuti ya kampuni kwa simu yako ukiwa hapo hapo dukani, uone nchi na tarehe. Boksi likifunguliwa, linganisha na namba iliyoko chini ya mashine. Zikitofautiana, mrudishie.

Risiti iwe na siriali namba ndani yake, iandikwe kwa Kiingereza pia na si Kiarabu peke yake, na mwezi uandikwe kwa jina lake. Tarehe kama 04/07 ni Julai kwetu na Aprili kwa Mmarekani. Hili si dogo, kwa sababu saa ya waranti mara nyingi huanza kuhesabu tangu mashine ilipotoka kiwandani au kwa msambazaji. Ikiwa ilikaa stoo miezi 5, hiyo inakatwa kwenye mwaka wa mdogo wako mpaka utume risiti na kuomba tarehe irekebishwe. Fanya hivyo wiki ya kwanza.

Kibodi yenye herufi za Kiarabu na Kiingereza haina shida kwa matumizi. Shida huja ikifa: kwenye laptopu nyingi za sasa kibodi imeshikana na bamba lote la juu, na bamba la Kiarabu si kitu ambacho wakala wa Tanzania huweka stoo. Mdogo wako atasubiri, au atakubali la Kiingereza.

Bima ya ajali, yaani kuanguka na kumwagikiwa chai, usiinunue Muscat. Kwa kawaida hutumika nchi iliyosajiliwa tu. Hamisha nchi kwanza, kisha muulizie kama inapatikana huku.

SWALI: Muuzaji wa Luthuli Avenue ananiambia laptopu hii ya ex-UK ina waranti ya kampuni ya miaka 3. Ni kweli? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Huenda ilikuwa kweli ilipouzwa mpya. Mashine za ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza, nyingi zilikuwa za maofisi, na maofisi huziuza muda wa waranti ukielekea kwisha au ukiwa umekwisha. Andika Get-CimInstance Win32_BIOS kwenye PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, usome siriali iliyomo ndani ya mashine yenyewe, maana stika ya nje hubandikwa na yeyote. Ikague mtandaoni mbele ya muuzaji. Halafu mwambie aifute na kuiwasha upya ikiwa kwenye intaneti. Ikidai barua pepe ya kampuni fulani, bado iko chini ya mwenyewe wa zamani. Iache.

SWALI: Nakwenda Ubelgiji kwa wiki tatu. Betri ya laptopu yangu imeanza kuvimba, bamba la kugusia (touchpad) limeinuka. Waranti bado ipo. Niitengenezee huko? – Msomaji, Bujumbura

JIBU: Hapana, usiipande nayo ndege. Betri ya lithiamu iliyovimba hairuhusiwi angani, iwe kwenye mzigo au mkononi, na kampuni za usafirishaji wa vifurushi nazo huikataa. Acha kuichaji leo, usiibonyeze irudi, na usiitoboe. Ipeleke kwa wakala hapo ulipo kabla ya safari. Kagua tarehe ya betri peke yake, kwani mara nyingi hudhaminiwa mwaka 1 hata kama mashine ina miaka 3. Hata ikiwa tarehe imepita, eleza kwamba imevimba, si kwamba haikai na chaji: la pili ni uchakavu wa kawaida, la kwanza ni suala la usalama na kampuni hulichukulia tofauti.