Kabla hujakimwaga hicho kiroba cha kuku

Jumamosi ya wiki iliyopita guta lilisimama kwa jirani yangu mpya hapa Iyumbu, Dodoma, likaanza kushusha viroba. Sikuhitaji kuambiwa ndani kuna nini. Nilikuwa jikoni nakaanga maandazi, dirisha wazi, na macho yakaanza kuwasha kabla pua haijajua. Mbolea ya kuku wa nyama, mbichi, imetoka bandani asubuhi ile ile.

Kijana mwenyewe ana miezi minne Dodoma. Kaajiriwa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, ametokea Moshi, na amekuja na imani ya Moshi kwamba ukichomeka hata mwiko ardhini utatoa majani. Alikuwa ameshanyanyua matuta 3, marefu, yamechongwa vizuri kama makaburi ya ukoo wenye uwezo. Kwenye kivuli cha ukuta kulikuwa na trei za miche ya nyanya, 120. Oktoba hii! Nikazima jiko, nikavuka.

"Mdogo wangu, hicho kiroba kinakwenda wapi?"

"Shikamoo dada. Kwenye mashimo. Kesho napandikiza."

Nikaitikia marahaba, nikamweleza kwamba mbolea mbichi inaunguza mizizi. Akaniambia "sawa dada", ile sawa ya mtu anayesubiri uondoke aendelee na kazi yake. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilimjibu mtu hivyo hivyo mwaka 2018, na tangu hapo kila Oktoba naona wageni wa jiji hili wanarudia kosa lile lile. Basi leo naandika, maana nimechoka kuvuka barabara.

1. Huku bustani inaanzia kwenye lundo.

Mvua ya Dodoma ni milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili. Mengine yote unayahesabu kutokea hapo. Samadi utakayoitaka Desemba iwe kwenye lundo Septemba. Ile ya kupandia mvua ikikatika, Aprili na Mei, lundo lake ni la Januari. Ya ng'ombe iliyokaa zizini msimu mzima inawahi. Ya mbuzi uiponde, vile vigolori havilainiki kwa maombi. Ya kuku ni miezi 2 hadi 3 ya kulowanisha, kufunika na kugeuza kila wiki. Ikiiva, debe 1 la ya ng'ombe au mbuzi kwa mita 1 ya mraba, ya kuku chini ya nusu yake, changanya na udongo wa juu, mwagilia, iache wiki 2 ndipo upande.

Kipimo chake hakina digrii. Chomeka nondo katikati ya lundo, kanywe maji, rudi baada ya dakika 5, ichomoe uishike. Ina joto? Bado. Ukifunua turubai inakupiga puani? Bado. Bado ni bado, hata kama miche umeshailipia.

2. Sasa la kwangu.

Tulihamia hapa mwishoni mwa 2017, ofisi ya mume wangu ilipohama. Mama mkwe wangu yuko Lushoto, na anayeijua Lushoto anaelewa uzito wa jambo hilo. Yule mama amelima kabichi na karoti kwenye miteremko tangu kabla mwanawe hajazaliwa. Mimi nimekulia Temeke. Mboga kwetu ilikuwa inapita getini kwenye beseni, inajitangaza yenyewe. Kwa hiyo nilipopata nyumba yenye nafasi nyuma nikaona hapa ndipo pa kumwonyesha mama wa watu. Nikampigia simu: "Mama, ukija Krismasi usibebe nyanya." Hayo ndiyo maneno niliyoyatamka. Mume wangu alikuwa pembeni, akanitazama kama anavyotazamwa mtu anayekopa kwa riba.

Viroba 12, kutoka banda moja la kuku wa nyama. Bei ilikuwa ya kutupa na sikujiuliza kwa nini. Vimejaa maranda, kinyesi kimeshikana nayo, bado vya uvuguvugu. Nikajaza mashimo nusu kwa nusu na udongo. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kigogo aliyekuwa akipita kila asubuhi kuuza mlenda mkavu. Akasimama, akatua ungo wake, akachota konzi moja, akainusa, akairudisha taratibu kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe.

"Mwanangu, hii bado ina moto."

Nikamwambia sawa bibi. Nikanunua mlenda wa shilingi 500 ili aondoke kwa amani.

Nilipandikiza jioni, jua limepoa, miche 80, kila mmoja na kikombe chake cha maji. Siku ya kwanza ilisimama. Siku ya pili ilisimama, nikatuma picha Lushoto. Siku ya tatu majani ya chini yakaanza kukauka pembezoni, ukingo mwembamba wa kahawia, kama karatasi iliyosogezwa kwenye mshumaa ikawahiwa kuondolewa. Nikasema hii ni kiu. Jua la saa nane lile, na upepo ule, nani asingesema kiu? Nikamwagilia asubuhi na jioni, kisha nikaongeza na mchana. Kumbe kila nikimwagilia ndivyo ninavyoiyeyusha ile chumvi ya mbolea na kuipeleka mizizini. Siku ya tano maji ya bomba yakaingia mgawo, nikaita boza. Naomba mlisome hilo polepole: nilinunua maji ya boza, kwa hela iliyotengwa kwa ada, ili niunguze nyanya vizuri zaidi.

Siku ya saba mume wangu alitoka na kikombe chake cha chai, akasimama kichwani mwa tuta, akasema kwa sauti ya msibani: "Mama watoto, tunamwagilia maiti."

Nikang'oa mche mmoja. Mizizi inayotakiwa kuwa myeupe kama uzi ilikuwa ya kahawia, mifupi, na nikiibana kwa kucha ngozi inavuka inabaki kamba tupu. Shimoni mle ukapanda ule ule mvuke wa kuwasha macho. Amonia. Kemia nilisoma mpaka kidato cha nne na jina nilikuwa nalijua. Halikunisaidia kitu.

Wengi wakisimulia kisa cha samadi mbichi huishia hapo. Mimi nina sehemu ya pili. Niliacha matuta zaidi ya mwezi, moto ukapoa, na mwishoni mwa Novemba nikapanda tena, miche 40. Hiyo haikuungua. Ikawa ya njano. Ilisimama kimo cha kalamu mpaka Krismasi, majani rangi ya ndizi mbivu, haifi wala haikui. Naitrojeni nyingine ilikuwa imeshapaa hewani, nyingine nimeizamisha mwenyewe kwa maji ya boza, na kile kilichobaki kilikuwa kinaliwa na maranda. Maranda yakianza kuoza, vijidudu vinavyoyala vinanyang'anya naitrojeni ya udongo unaoyazunguka, na mche unabaki kutazama wenzake wakila. Kiroba kile kile, Oktoba kiliniunguzia na Desemba kikanishindisha njaa.

Mama mkwe alishuka kwenye basi siku 2 kabla ya sikukuu. Alikuwa amebeba nyanya.

Hakusema neno. Alizunguka bustani mikono nyuma, akainama, akalishika jani moja kwa vidole viwili kama anayempima mtoto homa, akaliachia. Kisha akaniuliza kama hapa Dodoma mlenda unapatikana, anasikia ni mzuri. Tukaupika ule wa bibi, na nyanya za Lushoto, na ukweli ulikuwa mtamu. Mpaka leo akinipigia simu anaanza na salamu, anapita kwa wajukuu, na kabla hajakata anauliza: "Na kuku wazima?"

Hatujawahi kufuga kuku.

3. Tuta la kwenu si tuta la huku.

Ukitoka Moshi, Mbeya au Bukoba umezoea kuyafukuza maji yasisimame. Hapa unayakimbilia. Kuanzia Mei hadi Novemba chimba jaruba, shuka sentimita 15 hadi 20, shindilia kingo, panda ndani. Tuta la kunyanyua ni la miezi ya mvua. Upepo wa Agosti na Septemba unalikausha kutoka kila upande. Juu weka matandazo: mabua ya uwele, maganda ya karanga, chochote kikavu kisicho na mbegu, na uache nafasi ya kiganja kutoka shinani kwa sababu ya mchwa. Mchwa wa huku nawaheshimu. Niliwahi kusahau daftari langu la bustani chini ya mabua kwa siku 2, tarehe zote za kusia mbegu za mwaka mzima. Wakala kurasa wakaniachia jalada la nailoni na pini.

4. Mvua ya kwanza haiaminiki.

Mwishoni mwa Novemba itapiga moja, ardhi itanukia, na ofisini watu wataanza kuomba ruhusa. Tulia. Inaweza kukatika wiki 2 au 3 huku miche yako iko nje inakulaumu. Tupia mchicha na kunde kama mkono unawasha, miche ibaki kitaluni. Na hata mvua ikikaza, nyanya ya nje Januari ni chakula cha ukungu. Kipindi hicho kula majani: mchicha, majani ya kunde, majani ya maboga, bamia, na mlenda unaojiotea bure kwenye uzio. Nyanya za maana sia mbegu mwishoni mwa Machi, pandikiza mvua ikiaga. Kabichi, karoti, vitunguu, spinachi na chainizi vinaipenda baridi ya Juni na Julai kuliko sisi tunavyoipenda. Septemba kwenda mbele punguza eneo. Majaruba 2 yenye neti ya kivuli yatakulisha. 10 yatakufilisi maji.

5. Kulisha.

Chai ya samadi: iliyoiva, kiroba 1 kifungwe na jiwe ndani ya pipa la lita 200, koroga kila siku kwa wiki 2, zimua mpaka ifanane na chai ya mgahawa unaobania majani. Mimina shinani kila wiki 2, udongo ukiwa na unyevu. Mboga za majani usizinyime. Nyanya ikianza kutoa maua punguza, la sivyo utapata mti mzuri wa mapambo usio na tunda, kama alionao mwenzangu mmoja wa kwaya, umefika dirishani, anaupiga picha. Majivu ni konzi kwa shina, si karai, na ukiona ukoko mweupe wa chumvi juu ya udongo usiyaguse kabisa, maji ya baadhi ya visima vya huku yanatosha yenyewe. Nyanya ikioza kitako, rekebisha ratiba ya kumwagilia kwanza. Maganda ya mayai unayoyasaga yatakufaa labda mwakani.

6. Mengine kwa haraka, maana maandazi yanangoja.

Mwarobaini umejaa mitaani: ponda majani, loweka usiku kucha, chuja, weka sabuni kidogo, nyunyiza jioni kwa wadudu mafuta. Utitiri mwekundu unapenda vumbi, osha chini ya majani. Jani la nyanya lenye njia za kanitangaze, yule kiwavi anayechimba ndani ya jani, lichume likachomwe, usilitupe lundoni. Usipande nyanya palipotoka bilinganya. Na funga geti, mbuzi wa Oktoba hana aibu.

Jirani yangu, Jumapili alipandikiza tuta 1. Yale 2 nilimwomba asiyapande kwa siku 8 tu, tupime kwanza. Nikampa makopo 2 ya maziwa: moja la udongo wake mtupu, la pili nusu udongo nusu mbolea yake, kila moja mbegu 20 za mchicha, za kuhesabu. Nikamwambia ayaweke dirishani na aache kunisikiliza mimi.

Jana jioni kagonga geti, makopo yote mawili mikononi. La kwanza limechipua, nilihesabu vimiche 17. La pili juu yake pameota utando mweupe na hakuna jingine. Nyuma yake, ng'ambo ya barabara, nililiona lile tuta la Jumapili, kahawia kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umeshakula?"

"Bado." Akayaangalia makopo. "Dada, una turubai la kuazima?"