Je, Inajuzu kwa Muislamu Kuifanya Hoki ya Barafuni Kuwa Kazi ya Kumpatia Riziki?

SWALI: Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh, Sheikh. Mimi ni mkaazi wa Kibokoni, Mombasa. Mpwa wangu, aliyezaliwa na kulelewa Kanada, amepewa mkataba wa kucheza hoki ya barafuni kwa mshahara, na wazazi wake wanataka shauri langu. Nimeona video za wachezaji wakivua glovu na kupigana ngumi huku refa akitazama. Yeye ananijibu kwamba Nazem Kadri, mchezaji mashuhuri wa hoki hiyo, ni Muislamu, na mwaka 2022 alipotwaa Kombe la Stanley, yaani kombe la ubingwa wa ligi kuu ya huko, alilipeleka msikitini kwao London, Ontario. Je, mshahara huo ni halali? Na swala na saumu yake vitakuwaje?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Asili ya michezo ni kujuzu mpaka ipatikane dalili ya kuikataza, na imethibiti katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaacha Wahabeshi wacheze kwa mikuki yao ndani ya msikiti huku Bibi Aisha (R.A.) akiwatazama. Mshahara wa mpwa wako nao ni ujira wa kazi inayojulikana kwa muda unaojulikana, wala si kamari, kwa kuwa hakuna mchezaji anayeweka mali yake rehani ili aitwae ya mwenzake. Ama hoja ya Kadri, kitendo cha Muislamu mmoja, hata akiwa mashuhuri, si dalili ya kisheria. Tunamuombea kheri, kisha tunarudi kwenye dalili.

Jambo zito ni hilo uliloliona kwenye video, na hapa sharti tutenganishe mambo mawili. Kupigana vikumbo kwa bega ili kumpokonya mwenzako kile kisahani kigumu kinachogombewa uwanjani ni sehemu ya mchezo wenyewe, kila mmoja ameingia kwa ridhaa na amevaa kofia ngumu na kinga za mwili, na hukumu yake iko karibu na ya kirumbizi chetu, ambapo fimbo hugongana kwa kanuni na hakuna anayekusudia kumjeruhi mwenziwe. Ngumi ni jambo jingine kabisa. Mtume (S.A.W.) amekataza kupiga uso hata katika mapigano, na Baraza la Fiqhi la Rabita ya Makka (jumuiya ya Waislamu duniani), katika kikao chake cha kumi mwaka 1987, liliamua kwamba ndondi ni haramu kwa sababu ya madhara yake mwilini. Kwamba katika NHL, ligi kuu ya Marekani na Kanada, wanaopigana hukaa katika kibanda cha adhabu dakika 5 kisha wakarudi uwanjani, ilhali katika mashindano ya dunia anayepigana hutolewa nje, ni kanuni za watu tu na hazihalalishi kilichoharamishwa.

Yako pia majukumu ambayo mchezaji huajiriwa hasa kwa ajili ya ngumi zake. Derek Boogaard, aliyejulikana kwa kazi hiyo, alifariki mwaka 2011 akiwa na umri wa miaka 28, na ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa na maradhi yanayohusishwa na kupigwa kichwani mara kwa mara. Mwenyezi Mungu anasema katika Suratul Baqara, aya ya 195, kwamba tusijitie kwa mikono yetu katika maangamizo. Kwa hiyo akiitwa kwa jukumu hilo, asikubali, hata mshahara ukiwa mkubwa kiasi gani. Na akishambuliwa uwanjani, ajikinge bila ya kurejesha ngumi.

Suala la swala halina ugumu mkubwa kama mnavyodhani, kwani mechi nyingi huchezwa usiku, na wakati wa baridi Magharibi huko huingia mapema, kwa hiyo ataiswali kabla ya mechi na Isha baada yake. Akiwa safarini atapunguza na kukusanya kwa masharti yanayojulikana katika madhehebu yetu ya Shafii. Ijumaa yenyewe, ikiwa safari itampotezea swala, basi aondoke mjini kabla ya alfajiri. Ramadhani nayo katika miaka hii inaingia kwenye majira ya baridi: mwezi wa Januari mjini Toronto saumu ni ya muda wa saa 11 hivi, ilhali sisi hapa tunafunga kwa muda wa zaidi ya saa 13, kwa hiyo sioni udhuru wa kula mchana akiwa nyumbani.

Liko jambo ambalo hukuliuliza, nalo hutokea kila siku. Wachezaji hubadilisha nguo na kuoga pamoja katika chumba kimoja, wengi bila ya stara, na uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Naaoge na bukta yake au asubiri wenzake watoke, na ainamishe macho.

Mkataba asomewe na mwanasheria kabla ya kutia saini, hasa vifungu vya matangazo, kwa kuwa kampuni za kamari na pombe hudhamini michezo huko. Tangazo lililobandikwa ukutani na wenye uwanja si dhambi yake, lakini asikubali sura au jina lake litumike kuinadi kamari. Akikataliwa sharti hilo, atafute timu nyingine. Akikubaliwa, na mkufunzi akamwambia wazi kwamba hatakiwi kwa ajili ya ngumi, basi mshaurini atie saini, na mshahara wake ni halali inshaallah.

Wallahu aalam.