Usimlaumu fundi kabla hujajua kioo kimefungwaje

Ndugu yangu, unasema simu imeanza kuonyesha onyo kwamba kioo si halisi tangu ibadilishwe Kariakoo, kwa hiyo fundi kakupiga. Inawezekana, lakini si lazima. Baadhi ya watengenezaji hufunga kioo, betri na kamera kwenye bodi ya simu kwa namba maalumu ndani ya programu. Hata uchukue kioo halali kutoka simu nyingine ya aina hiyohiyo, onyo linaweza kuja tu, na mwangaza wa kujirekebisha unaweza kupotea.

Nimewahi kukaa pembeni ya meza ya fundi nikamwona akihangaika na bloa ya hewa moto na kibano, jasho linamtoka, akihamisha chipu inayobeba namba hiyo, ndogo kuliko punje ya mchele, kutoka kioo kilichopasuka kwenda kipya. Kazi yote hiyo ili onyo lisitokee! Simu ni mali yako, umeilipia, halafu kiwanda ndicho kinaamua nani aiguse. Hii inaniuma kweli.

Marekani, jimbo la Oregon lilipitisha sheria mwaka 2024 kukataza mtindo huo wa kufunga vipuri kwa namba, kwa vifaa vilivyotengenezwa baada ya 1 Januari 2025. Mwaka huohuo Umoja wa Ulaya uliagiza vipuri vya bidhaa kadhaa, simu zikiwemo, viuzwe kwa bei isiyokatisha watu tamaa ya kutengeneza.

Kioo chako cha zamani bado unacho? Rudi nacho kwa fundi, muulize kama anaweza kuhamisha chipu.