Laki nane, gari la kwanza na bima yake

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama shilingi laki nane ulizoweka akiba zinatosha kununua gari, na kama si afadhali ulikatie bima ya thadipati kwa kuwa ni rahisi. Una miaka 22 na leseni yako haijamaliza mwaka. Kwa hali hiyo, tafuta gari lisilozidi laki saba na ulikatie bima kamili, inayolipia na gari lako mwenyewe. Laki inayobaki ni ya bima, ya kuhamisha umiliki, na ya kubadilisha oili, breki au matairi utakapolichukua.

Thadipati ndiyo bima ambayo sheria inakulazimisha uwe nayo, lakini inamlipa mwenzako tu: mtu uliyemgonga, gari lake, ukuta wake. Lako utalitengeneza mwenyewe. Na dereva mgeni Nairobi huumiza gari lake zaidi ya mengine yote. Anarudi nyuma akagonga nguzo ya maegesho, au anamkaribia mno matatu anayefunga breki ghafla stejini. Taa moja ya mbele, bampa na boneti vikienda, ni pesa nyingi kwa mshahara wako.

Piga hesabu ya ada ya bima kamili hivi. Gari la 700,000 kwa asilimia 5 ni 35,000. Ongeza tozo mbili, asilimia 0.2 na 0.25 ya ada hiyo, pamoja na stempu ya shilingi 40, unafika karibu 35,200. Kampuni huwa na kima cha chini cha ada, kwa hiyo linganisha tatu au nne. Usiangalie ada peke yake. Uliza ekses, yaani sehemu ya hasara utakayobeba mwenyewe. Ikiwa ni asilimia 2.5 ya thamani, hiyo ni 17,500, na juu yake huwekwa ekses nyingine ya dereva kijana au mwenye leseni changa. Kuna nyongeza ndogo inayoondoa ekses ya kawaida. Ichukue, lakini uliza kwa maandishi kama inaondoa na hiyo ya ujana, maana mara nyingi haiondoi.

Broka akikushauri bima iandikwe kwa jina langu ili ishuke, kataa. Siku ya ajali kampuni itataka nakala ya leseni ya aliyekuwa akiendesha na itaona tarehe yake. Ikigundua dereva wa kila siku alifichwa, ina haki ya kukataa kulipa. Vivyo hivyo thamani: ukiandikisha 400,000 gari la 700,000, hasara ya 140,000 utalipwa 80,000 tu, kabla ya kutoa ekses, kwa sababu ulilipia sehemu nne kati ya saba. Kampuni itakupeleka kwa mthamini, nenda mapema. Na bima ya binafsi haikulindi ukibeba abiria wa kulipa, hata wa programu ya simu.

Gari lenyewe: Vitz, Demio, Note au Fit, injini ya cc 1300 au karibu, lenye ABS (breki zisizokwamisha magurudumu) na mifuko ya hewa inayofanya kazi. Angalia mwaka wa kutengenezwa, si herufi za namba ya usajili. Magari huruhusiwa kuingia nchini yakiwa na umri wa hadi miaka 8, na kampuni nyingi hukataa bima kamili gari likikaribia miaka 15. Mengi ya aina hizi yaliitwa na watengenezaji kubadilishiwa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ambayo huweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma. Chukua namba ya chesisi uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji kule Japani. Tafadhali usiliruke hili.

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, kwa maana injini iliyokwisha kupata moto huficha mengi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Swichi ikifunguliwa, taa ya mifuko ya hewa iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda balbu imetolewa kuficha hitilafu. Mengi ya magari haya yana gia za CVT, yaani za otomatiki zinazotumia mkanda: likisitasita au kutetemeka ukiondoka polepole, liache, na ukinunua zuri usikubali fundi atie oili ya gia ya kawaida. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Fundi umtafute wewe, asiwe wa muuzaji.

Kabla ya senti yoyote, tafuta rekodi ya gari kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Jina lifanane na kitambulisho cha anayeuza, chesisi na injini zifanane na zilizo kwenye gari, na kusiwe na benki au sacco inayolidai. Lipa kwa benki, si taslimu, na muuzaji aanzishe uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yake ya NTSA mkiwa pamoja, nawe uukubali papo hapo. Sheria inakupa siku 14 tu za kuliendesha kabla ya umiliki kuwa wako.

Bima ianze siku unayolichukua. Cheti ni cha kidijitali. Hakikisha kinaonekana kwenye programu ya AKI, chama cha kampuni za bima, kwa kuwa vya bandia vipo. Ukipata gari, nitumie namba ya usajili na ya chesisi kabla hujalipa, tuyapitie pamoja.

Mama yako